Kianda Leith Wakaa Kitako

Akoth hakuamini masikio yake mpaka Kavoi aliporudia. Makocha wa timu zote za tawi walikuwa wamekusanyika Kawangware, katika ukumbi wa kukodi juu ya duka la simiti, na Kavoi, katibu wa ligi, alikuwa anawasomea jinsi msimu mpya ulivyopangwa. Kianda Leith, timu ya Akoth kutoka Kibera, iliyomaliza ya pili na kustahili kupanda daraja, haikupanda. Ilikuwa imeshushwa. Sababu, alisema Kavoi bila kuinua macho, ni kwamba haina uwanja uliozungushiwa ua. Ingecheza Kundi C pamoja na timu za akiba za klabu kubwa za jiji, yaani majeruhi wanaorudi taratibu, vijana wa kujaribiwa na wachezaji wazito ambao makocha wao wamewachoka. Nafasi yake walipewa Kabiria Stars wa hapo Kawangware. Kabiria walikuwa wamemaliza wa tano, ila mwenye timu ni mkandarasi, na kiwanja chake kina ukuta wa mawe.

Akoth alisimama akauliza sheria ya ua ilipitishwa lini. Kavoi akajibu kwamba kamati ilikaa wiki iliyopita.

"Wiki iliyopita ligi ilikuwa imeisha," Akoth akasema. "Mmebadilisha sheria tukiwa tumeshavua njumu."

Kavoi alitabasamu. Alimwomba asiyachukulie mambo kibinafsi, akaongeza kwamba kila mtu anatambua kazi nzuri anayoifanya mama kama yeye, kuwaweka vijana wa mtaani mbali na dawa za kulevya. Wanaume wawili watatu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Akoth alibaki wima katikati ya makofi hayo huku shingo ikimchoma. Miaka yote aliyokaa akipanga safu ya ulinzi, kutafuta wachezaji, kusoma wapinzani, kumbe machoni mwa watu hawa alikuwa yaya tu. Alitoka bila kuaga. Alitembea kwa miguu mpaka Soko la Toi, alikokuwa na kibanda cha njumu za mitumba, na mteja wa kwanza aliyemwomba apunguze bei alifokewa mpaka akaondoka akitazama nyuma.

Jioni aliwaita wachezaji Kianda, ndani ya Kibera, kwenye uwanja wao wa vumbi nyuma ya shule. Aliwaambia yote isipokuwa lile la dawa za kulevya. Kisha Khamala, nahodha, akasema jambo ambalo Akoth alijua litasemwa.

"Kochi, sisi ni Leith. Leith hawachezi na akiba."

Jina hilo walilipata kwa Ewan, mwalimu Mskoti aliyekuja kufundisha shule moja ya mtaa zamani, akaanzisha timu na kuipa jezi za mistari nyeusi na nyeupe. Akoth alikuwa msichana pekee aliyeruhusiwa kufanya mazoezi na wavulana wake. Kila msimu ulipoanza, Ewan aliwakalisha chini akawasimulia juu ya babu yake, aliyekuwa winga wa Leith Athletic, klabu ya bandari ya Edinburgh. Klabu hiyo, alisema, iliachwa na wakubwa wa ligi ya Uskoti katika daraja la chini lililojaa timu za akiba, na msimu wa mwaka wa hamsini na tatu ulipofika, ikasema basi, hatuchezi tena na akiba za watu. Ikafukuzwa kwenye ligi. Babu yake Ewan alitundika njumu akarudi kupakua makasha bandarini. Ewan alilisimulia hilo kwa fahari, macho yakimng'aa, na wavulana wakalirithi hivyohivyo hata baada ya yeye kurudi kwao. Kila aliyevaa jezi ile alilijua.

Khamala alilijua kuliko wote. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa Bungoma asiye na maneno mengi, na umri ulikuwa umeanza kumshika magotini. Alikuwa ameishi Kibera miaka mingi akingoja kucheza daraja hilo la juu hata mara moja. Sasa alisema afadhali timu ife kwa heshima. Wenzake wakaitikia kwa vichwa.

Akoth alihisi hasira ile ya ukumbini ikigeuka na kuwalenga hawa nao.

"Mwalimu aliwaambia walikataa," akasema. "Aliwaambia walikufa? Klabu ilizikwa miaka michache baadaye, na ile ligi ikaendelea kucheza kila Jumamosi kama kwamba hawakuwahi kuzaliwa. Kavoi anaomba usiku na mchana mkatae. Mkikataa, amemaliza kazi."

Khamala akamuuliza kama basi anataka wakacheze na akiba. Akoth akasema hilo pia hataki. Walibishana mpaka giza likaingia, yeye akizungukazunguka mbele yao, akimkata kila mtu maneno, akijua anawaonea na akishindwa kujizuia. Mwishowe alisimama. Wale wa Leith, alisema, walikosea jambo moja tu: walikataa wakiwa nyumbani. Mtu akikataa akiwa nyumbani, hakuna anayemwona.

Jumamosi ya ufunguzi walienda Kawangware. Kabiria Stars walikuwa wenyeji, na ndani ya ukuta ule mpya watu walijaa mpaka kwenye mistari ya kando. Vijana wa Akoth waliingia mmojammoja kama watazamaji, jaketi zimefungwa hadi kidevuni. Timu mbili zilipojipanga kuanza, Akoth alivua jaketi lake, akaingia uwanjani akiwa na jezi ya mistari, na wote wakamfuata. Walipofika duara la katikati wakakaa kitako.

Mwanzoni watu walicheka. Kisha wakazomea. Mtu akarusha chupa ya maji ikampiga kijana mmoja begani. Refa alipuliza filimbi, akaja kuwasihi, akaenda kuzungumza na Kavoi aliyekuwa jukwaani na mkandarasi. Kavoi alishuka akaja mpaka pale, akainama kana kwamba anaongea na mtoto, akamwambia Akoth kwa sauti ya chini kwamba anawaharibia vijana maisha.

"Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mpira ukiisha bado mambo yanaweza kubadilishwa," Akoth akasema. "Kaa chini tuongee, ama utoke mbele yangu."

Kavoi hakukaa. Alitoa ishara kwa walinzi wa mkandarasi. Mmoja alimshika Khamala kwa jezi akamburuta, jezi ikapasuka kutoka kola hadi kiunoni. Khamala alijilegeza kama gunia, jinsi walivyokubaliana, lakini Akoth aliona ngumi zake zimekunjwa na mishipa ya shingo imetutumka. Yeye mwenyewe alikuwa ameng'ata mdomo hadi ukatoa damu. Kama angetamka neno moja, wangepigana, na mpango wao wa kukaa tu ungekuwa umeharibika.

Hapo ndipo nahodha wa Kabiria alipokuja. Aliitwa Billy, kiungo mwembamba mwenye mguu wa kushoto ambao Akoth aliwahi kuutamani. Alimwondoa mlinzi mkono pale kwenye jezi ya Khamala, taratibu, bila kumsukuma. Kisha akawageukia wenzake na kusema wao wenyewe wanajua walimaliza wa tano. Akakaa kando ya Khamala. Wawili wa timu yake wakamfuata, halafu wa tatu. Wengine walibaki wima wakimtukana. Mkandarasi alikuwa anapiga kelele kutoka jukwaani, na watu wa Kawangware, waliokuja kuona mpira, wakaanza kumzomea yeye.

Mechi haikuchezwa.

Uamuzi ulitoka baada ya muda mfupi. Kianda Leith walifungiwa msimu mzima. Kabiria Stars walirudishwa daraja la chini, ile sheria ya ua ikafutwa kimyakimya, na ile nafasi iliachwa tupu, ili asiipate mtu. Mkandarasi alimfukuza Billy. Kavoi alibaki na kiti chake. Waliomjia Akoth kibandani Toi kumpongeza kwamba ameshinda aliwauliza ameshinda nini. Alikuwa na nahodha ambaye magoti yake hayangengoja mwaka mzima, na hakuna kamati ambayo ingemrudishia msimu huo.

Alimwambia Khamala hivyo, waziwazi, uwanjani Kianda, kwa sababu hakutaka asikie kwa mtu mwingine.

"Najua," Khamala akasema. "Mimi mwenyewe nimekasirika, Kochi. Lakini heri hii hasira kuliko ile ya kukaa nyumbani."

Akoth alitoa filimbi mfukoni. Hasira yake haikuwa imepungua hata kidogo, na hakuwa na nia ya kuiacha ipungue. Wachezaji walikuwa wanafika, na Billy alikuwa miongoni mwao, amesimama pembeni na mfuko wa njumu, hajui kama anakaribishwa. Hawakuwa na ligi, wala mechi yoyote mbele yao. Akoth alipuliza filimbi, akamuuliza Billy kwa nini amechelewa, na kumwamuru akimbie kuzunguka uwanja na wenzake.