Jina la Kwenye Kadi

"Wenye watoto chini ya miaka mitano washuke na kadi za kliniki. Wengine mbaki mmekaa. Na asiyekuwa na kadi asijifiche chooni, basi hili halina choo."

Abiria walicheka mzaha wa konda. Kabula hakucheka. Alikuwa akifungua kwa meno fundo la pembe ya khanga, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Aliondoka bondeni kwenye pikipiki kabla ya jogoo, akapanda mlima hadi Laela, akangoja basi barabarani huku upepo wa Ufipa ukimchapa miguuni. Ndani ya fundo hilo mlikuwa na vitu viwili: kadi ya mtoto, na karatasi aliyoandikiwa na daktari wa kituo cha afya. Karatasi ilisema mtoto ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, apelekwe mjini Sumbawanga kwa madaktari bingwa wa macho waliokuja kwa siku tano. Leo ilikuwa siku ya tano. Saa kumi jioni madaktari wanafunga vifaa vyao. Watarudi mwaka kesho, wakirudi.

"Mwaka mzima hawezi kungoja," yule daktari wa Laela alimwambia. "Ana miaka miwili na miezi mitatu. Jicho lisipoona sasa, kichwa kinasahau kuona. Baadaye hata ukilifungua halitajua kazi yake. Na usiende bila kadi. Surua imeingia mkoani, vizuizi viko kila mahali."

Kadi alikuwa nayo. Alishuka bila wasiwasi.

Kizuizi kilikuwa kamba iliyofungwa kutoka kwenye mti hadi kwenye nguzo ya lango la shule. Pembeni palikuwa na meza, na mezani alikaa Cornelius, afisa afya, ndani ya koti zito lenye kofia. Nyuma yake alisimama muuguzi kijana, Klementina, amekumbatia daftari.

"Shikamoo, mkuu."

Cornelius alinyoosha mkono akapokea kadi. Aliitazama, akamtazama Kabula, akaanzia kwenye shanga za shingoni hadi kwenye viatu vyake vilivyokatwa kwa tairi.

"Mnafuga?"

"Ndiyo, mkuu."

"Nilijua. Mtoto anaitwa nani?"

"Nyanda."

"Nyanda nani?"

"Nyanda Masunga."

Cornelius aligonga kadi mezani mara mbili, kama mtu aliyekuwa akingoja samaki na sasa mshipi umevutwa.

"Masunga lipo. Nyanda halipo. Hapa pameandikwa jina jingine. Lipi?"

Hapo ndipo Kabula alipoona kosa lake. Mtoto huyu alipozaliwa aliandikishwa jina ambalo baba yake alilipenda alipolisikia kanisani. Kisha akawa analia. Alilia hadi sauti ikakauka, hanyonyi, hanenepi. Mwezi wa kumi mwaka jana babu mzaa baba alichinja kondoo, mtoto akanyolewa, akafungwa shanga nyeupe mkononi, akapewa jina la marehemu wa ukoo aliyekuwa akimliza ili arithiwe: Nyanda. Kilio kilikoma. Macho tu hayakubadilika. Tangu siku hiyo jina la zamani halikutamkwa tena bomani kwao. Kulitamka ni kuliita, na likiitwa linarudi na kilio chake. Hata Masunga, baba aliyelichagua, alikuwa amelimeza. Hakuna aliyefikiria kuirudisha kadi kliniki ibadilishwe. Kadi ilikuwa ya sindano; jina lilikuwa la mtoto.

"Mkuu, naomba ulisome wewe."

"Mimi kusoma najua. Nakuuliza wewe."

"Alibadilishwa jina, mkuu. Alikuwa anaumwa. Kwetu, mtoto akilia sana..."

"Kwenu wapi? Hapa ni Rukwa."

Dirisha la basi lilifunguliwa kwa kishindo. Silvana, mfanyabiashara wa mahindi aliyekaa kiti kimoja na Kabula tangu Laela, alitoa kichwa na kilemba chake chote.

"Mama gani hajui jina la mwanawe? Wewe afisa, mtazame macho yule mtoto! Meupe kama maziwa! Surua hiyo! Na mimi nimekaa naye bega kwa bega!"

"Ni mtoto wa jicho, mama," Kabula alisema. "Si surua. Amechanjwa mara mbili."

"Amechanjwa na nani, ng'ombe? Mlikuja na mifugo mkamaliza mashamba yetu, sasa mmetuletea ugonjwa mmalize na watoto. Konda! Yule harudi humu ndani!"

Wengine wakaitikia. Mwanamume mmoja akasema Wasukuma hawachanjwi kliniki, wanachanjwa na waganga. Kicheko kikapita basi zima, mbele hadi nyuma.

Kabula alimfungua mtoto mgongoni, akavuta kola ya kisweta, akaonyesha kovu dogo la mviringo kwenye bega la kulia.

"Hilo la kifua kikuu," Cornelius alisema. "Hata mbuzi wangu anaweza kuwa na kovu. Jina."

Kilomita thelathini zilikuwa zimebaki. Kabula alimkandamiza mtoto kifuani, sikio moja dhidi ya titi lake, sikio la pili akaliziba kwa kiganja. Kisha alilitoa lile jina kama mtu anayetema jino.

"Meshack."

"Mbona limechelewa? Ulikuwa unamkumbuka mtoto wa jirani?" Cornelius aliinuka, akazunguka meza, akainama. "Mtoe mkono sikioni. Tutamuuliza mwenyewe. Meshack! We Meshack!"

Kila jina lilipoitwa Kabula aliruka, kana kwamba ndiye anayepigwa. Mtoto hakugeuka. Alikuwa akichezea zipu ya koti la Cornelius.

"Nyanda," Cornelius alisema, taratibu.

Mtoto aliinua uso, akaielekea sauti, akacheka.

"Mmeona wenyewe," Cornelius aliwaambia abiria. "Kadi ya kuazima."

"Bosi," Klementina alisema, "tarehe zinalingana na umri wake. Ana ya miezi tisa, ana ya miezi kumi na minane. Na zahanati imegonga muhuri. Tungepiga simu wakatazame rejista..."

"Klementina, wewe hapa unajitolea, siyo?"

"Ndiyo, bosi."

"Basi jitolee kunyamaza. Simu yangu si ya serikali." Aliitia kadi mfukoni mwa koti lake. "Hiki ni kielelezo. Mwandike. Bila chanjo, jamii ya wafugaji. Huyo wa sita."

Steven, konda wa basi, alishuka na furushi la Kabula, akaliweka chini. Hakulitupa, aliliweka, kisha akakwepa macho yake.

"Samahani, dada. Abiria wamekataa."

Basi likaondoka. Silvana alikuwa akifuta kiti kwa kitambaa.

*

Darasa walilofungiwa lilikuwa la tatu. Ubaoni palibaki sehemu za kumi na sehemu za mia. Mlikuwa na wanawake watano, kila mmoja na mtoto, wote wa maboma ya wafugaji, na juu ya dawati la mwisho alilala mmoja wa watoto hao mwenye macho mekundu, anakohoa kikohozi kikavu kisichokwisha. Kabula alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Walikuwa wametoa mtoto aliyechanjwa kwenye basi la watu wazima, wakamweka hapa, kwa sababu ya surua.

"Nawe umekamatwa?" aliuliza mwanamke mtu mzima aliyemshika mjukuu. Jina lake Kija.

"Barabarani. Ninyi?"

"Sisi tumefuatwa, binti yangu. Mgambo alikuja na pikipiki tatu. Tumeambiwa tuvae shanga." Kija aliinua shingo yake iliyojaa shanga za rangi. "Mimi hizi nilikuwa nimeshaziweka sandukuni. Nimeambiwa nisipozivaa chandarua sipewi. Wanataka Wasukuma wa picha."

Klementina alipoingia na ndoo ya uji, Kabula alimshika mkono.

"Dada, nimekubali. Sina ubishi. Andikeni hajachanjwa. Mchomeni sasa hivi, mchomeni hata mara kumi, mnirudishie kadi, nimuwahi daktari."

"Hatuwezi."

"Chanjo hamna?"

"Ipo, kwenye boksi la baridi. Haifunguliwi mpaka mgeni rasmi afike. Yeye ndiye anazindua kampeni."

"Anafika saa ngapi?"

"Ratiba inasema saa nne."

Ilikuwa saa sita na robo. Wote wawili walilitazama jua lililokuwa limekata kizingiti cha mlango, kisha Klementina akasema kwa sauti ya chini sana, "Mama, wakubwa walituandikia kabla hujafika. Kata yetu ilete watoto sita wa wafugaji. Jana jioni walikuwa watano."

"Nikitoka kwa miguu?"

"Kuna kizuizi kingine kabla ya mji. Bila kadi watakurudisha hapahapa. Naye bosi kadi haitoi."

Hata hivyo Kabula alitoka. Mgambo mlangoni aliweka fimbo yake kifuani pake, bila hasira, kama anavyozuiwa ndama. Kutokea pale aliiona barabara. Gari jeupe lenye namba za serikali lilikuja kutoka upande wa Tunduma, na kwenye kiti cha nyuma watoto wawili wadogo walikuwa wakigombania pakiti ya biskuti. Halikusimama. Cornelius mwenyewe ndiye aliyekimbia kuishusha kamba, akaikanyaga chini hadi tairi la mwisho likapita.

"Wale hawana miaka mitano?" Kabula aliuliza.

"Rudi ndani," mgambo alijibu.

Saa saba. Saa nane. Uji ulikwisha, watoto wakalala, wakaamka. Yule mwenye macho mekundu aliacha kukohoa kwa muda na kila mtu darasani akageuka kumwangalia. Kisha akaanza tena, na mama yake akashukuru Mungu. Kabula alimwimbia Nyanda wimbo wa kupuria mtama, sikioni, ili asilisikie lile jina kama lilikuwa bado linazunguka nje likimtafuta.

Mgeni rasmi alifika saa tisa na nusu. Kwanza akavishwa skafu. Kisha ngoma. Kisha utambulisho wa meza kuu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akisimama na kupunga. Kabula alikuwa amepangwa mstari wa mbele, kwenye benchi, chini ya bango jipya ambalo hakuweza kulisoma. Kija alikuwa amesomewa asubuhi: lilisema jamii za wafugaji zimeitikia wito.

"Hakuna mtoto atakayeachwa!" mgeni rasmi alisema kwenye kipaza sauti. "Awe wa mkulima, awe wa mfugaji, awe wa mvuvi wa kule Kasanga! Na mzazi atakayeficha mtoto, sheria ipo!"

Makofi. Boksi la baridi lilifunguliwa. Aliitwa Nyanda kwanza, kwa sababu shanga nyeupe mkononi mwake zilionekana vizuri.

Klementina alikuwa na kadi mpya, safi, bado inanuka kiwanda. Aliandika jina: Nyanda Masunga. Kwenye mstari wa surua kalamu yake ilisimama. Cornelius alikohoa nyuma yake. Akaandika: dozi ya kwanza.

Mgeni rasmi aliinama kumshika mtoto kidevu.

"Macho haya yana nini?"

"Ndiyo madhara yenyewe, mheshimiwa," Cornelius alisema. "Wanakataa chanjo, watoto wanapofuka."

"Jamani, jamani." Mgeni rasmi alitikisa kichwa kuelekea kipaza sauti. "Mnaona wananchi? Mnaona ujinga unavyoua?"

"Si kweli," Kabula alisema. "Amechanjwa. Kadi yake anayo huyu mfukoni. Ninayo barua ya daktari, wananingoja mjini, wanafunga saa kumi..." Lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshahamishwa, na ngoma, zilizokuwa zikingoja ishara, zikaanza. Aliinua ile karatasi juu. Mtu mmoja wa meza kuu, akidhani anapunga, naye akampungia.

Sindano iliingia. Mtoto alilia, kilio kifupi, cha kawaida.

"Bado, bado, mshikeni vizuri," mpiga picha alisema, amepiga goti kwenye nyasi. "Mheshimiwa, shika bomba la sindano kama vile wewe ndiye unachoma. Hapo. Mama, tabasamu kidogo. Mama! Basi acha. Mwambie mtoto aangalie huku."

"Haoni," Kabula alisema.

"Aangalie tu kamera, sekunde moja."

"Haoni, baba. Nimesema haoni."

Saa ya mgeni rasmi, iliyokuwa karibu kabisa na uso wa Kabula, ilionyesha saa kumi na dakika nane. Mpiga picha alifikiri kidogo. Kisha akaunyoosha mkono wake wa kushoto kando ya kamera na kuanza kudatisha vidole, ta, ta, ta, na mtoto akanyamaza, akaitafuta sauti, akaipata, akaifumbulia macho yote mawili.

"Safi," mpiga picha alisema. "Hapohapo. Usimtikise."