Moshi Chini ya Kiti cha Nyuma

Fundi Onnik alimwambia akae, Wadad akakaa. Kahawa haijapoa, alikuwa amesimama tena, analizunguka gari kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Mama Rami, unanitia kizunguzungu," alisema Onnik, kichwa kikiwa ndani ya boneti. "Gari halikimbii. Halina hata petroli ya kukimbilia."

"Nataka kujua tu kama linavuja."

"Linavuja. Pua yangu ilijua tangu ulipokata kona."

"Linavuja sana?"

Hilo ndilo lililomleta gereji, mtaa wa Burj Hammoud, asubuhi ile, si harufu. Harufu angeivumilia, madirisha wazi. Lakini mwezi wa mwisho kabla mumewe, Fawzi, hajafa, petroli ilikuwa ikipungua bila safari. Ulikuwa mwaka wa foleni za petroli. Fawzi alishinda kituoni tangu alfajiri, akarudi na tangi limejaa, na baada ya siku mbili mshale wa petroli umeshuka hadi nusu. Wadad alimsema. Alimwambia petroli hainywewi na malaika, na kama kuna mwanamke anayepelekewa, basi amtaje jina. Fawzi, mtu wa maneno machache, alijibu, "Labda inavuja, Wadad," akahamishia mto wake sebuleni. Siku ya tatu moyo ulimsimama hukohuko sebuleni. Arobaini yake ilikuwa imepita, na Wadad bado hakujua kama alimzika mkweli au mwongo.

"Fundi, inaweza kupotea nusu tangi kwa siku mbili?"

Onnik alitoa kichwa. "Huu ni mvuke. Mvuke utakuumiza kichwa, utawasha taa kwenye dashibodi, lakini haumalizi nusu tangi. Ingekuwa petroli yenyewe inamwagika, wavuta sigara wa mtaa wako wangekuwa wameshafika mbinguni."

Alicheka peke yake. Wadad alikuwa anaufungua na kuufunga mkoba wake.

Onnik alikagua mfuniko wa tangi, kisha akajiviringisha chini ya gari. "Nilidhani ni ugonjwa wa foleni," sauti yake ilitoka uvunguni. "Mtu akiipata pampu anajaza mpaka shingoni, anatikisa gari kama gunia la ngano ili iingie lita moja zaidi. Mwisho analizamisha kopo la mkaa, lile linalomeza mvuke. Lako kavu."

"Baba Rami hakuwa mtu wa kutikisa magari."

"Mungu amrehemu. Alitikisa kichwa tu."

Umeme ulikuwa umekatika tangu jana, lakini mashine ya Onnik ya kufukiza moshi haikuusubiri. Ilikuwa kopo la rangi lenye mafuta ya watoto ndani, plagi ya kupashia ya lori la dizeli, betri, na pampu ya mguu ya matairi. Aliunganisha mpira wake kwenye bomba la mvuke, akaanza kukanyaga polepole.

"Zunguka nyuma uwe macho yangu. Moshi utatokea penye tundu."

Wadad aliinama chini ya gari, akachungulia shingo ya tangi, akarudi, akainama tena. Hakuna kitu. Ndipo ikamjia harufu ya mafuta ya watoto, ile aliyokuwa akimpaka Rami mchanga, na akauona: uzi mweupe unapanda kutoka ukingoni mwa kiti cha nyuma.

"Ndani! Unatokea ndani!"

Onnik aling'oa kiti, wakakiweka sakafuni. Chini yake kulikuwa na kifuniko cha duara, na chini ya kifuniko, pete inayoibana pampu ya petroli juu ya tangi. Meno ya pete yalikuwa yamegongwa, yanang'aa.

"Hapa pamefunguliwa," alisema taratibu. "Na si fundi aliyefungua. Magari haya hayapitishi mpira shingoni. Anayetaka kunyonya petroli hupitia hapa."

Wadad alikikalia kile kiti palepale sakafuni. "Basi aliniongopea."

Onnik aliinama tena. Aliigonga pete kwa kipande cha mbao mpaka ikalegea, akainyanyua. Mpira wa kuzibia haukuwapo. Mahali pake palizungushiwa mrija mwembamba uliokuwa mweupe zamani, petroli imeukausha ukawa kama makaroni mbichi.

"Mpira ulimchanikia, akaziba na hiki. Sasa hiki ni kitu gani?" Aliugeuza. Katikati yake palikuwa na vijipembe viwili vilivyopinda. "Ni cha kupumulia. Cha puani."

Wadad aliuchukua, na hakuhitaji kuambiwa wa nani.

Ghorofa ya juu yao aliishi Bi Munira, anayepumua kwa mashine. Miaka sita walikuwa hawasalimiani, tangu ugomvi wa tangi la maji la kwenye paa. Mwezi ule wa mwisho wa Fawzi, jenereta ndogo ya petroli ya Bi Munira ilinguruma usiku kucha kwenye roshani, na Wadad alikuwa akigonga dari kwa mpini wa ufagio. "Mwache, Wadad," Fawzi alisema. Baada ya mazishi jenereta ilinyamaza, naye alishukuru kwa utulivu. Kila alfajiri alimsikia mtoto wa Bi Munira akivuta mtungi wa oksijeni ngazi kwa ngazi, akitukana, na alikuwa akijifunika shuka kichwani.

Angeniomba ruhusa, ningemkatalia, aliwaza. Alijua ningemkatalia.

Onnik alipekua boksi la vyuma chakavu, akapata mpira wa gari la aina ileile, akaupaka mafuta na kuukalisha vizuri. Aliokota pete.

"Ngoja," alisema Wadad. "Kabla hujafunga. Una dumu safi?"

"La lita ngapi?"

"Kumi."

"Mama Rami, kwa kitakachobaki hutafika mbali."

"Nitafika nyumbani. Baada ya hapo ni kupanda ngazi tu."

Onnik alimtazama, kisha akautazama mrija mkononi mwa Wadad. Akaweka pete chini, akaenda kutafuta dumu. Petroli ilipoanza kushuka kwenye mpira, Wadad alilishika dumu kwa mikono miwili, na hakusogea mpaka likajaa.