Mama Hakuwemo Ndotoni

“Sauti ya Mungu haijadiliwi, mwenzangu. Inaitikiwa.”

Katibu wa akina mama wa kanisani aliyasema hayo akiwa amekalia ndoo iliyofudikizwa, maana kiti cha pekee mle chumbani kilikuwa na rundo la mashati. Mama Pasi alilamba ncha ya kidole, akagusa tako la pasi, likalia tss, kisha akaishusha taratibu juu ya mkono wa koti. Lilikuwa koti la Fundi Geti. Kesho yake, Jumapili, Fundi angelivaa na kusimama mbele ya kanisa zima, na Mama Pasi angesimama kando yake aseme ndiyo.

“Mimi sijakataa,” alisema hatimaye. “Naomba tu nisikie na mimi.”

“Usikie nini tena? Mwenzio ameshasikia kwa niaba ya wawili!”

Nyuma ya pazia lililokigawa chumba, mtu alikohoa kikohozi kirefu, cha makusudi. Katibu alilitazama pazia, akapunguza sauti.

“Na huyo usijitie presha. Mungu anajua pa kumweka.”

Huyo alikuwa mkwe wa Mama Pasi, mama wa marehemu mumewe. Macho yalipomwisha, ulimi ukachukua zamu yao. Tangu msiba, wale wawili walikuwa wamebaki kama mafiga mawili: chungu hakikai vizuri, lakini hakuna aliyethubutu kumwondoa mwenzake.

Habari yenyewe ilianza kwa ushuhuda. Fundi Geti alikuwa mzee wa kanisa na fundi wa kuchomelea vyuma, mtu aliyefiwa na mkewe, mwenye sauti iliyojaa kifuani. Jumapili moja alisimama akasema ameomba sana juu ya upweke wake, na usiku mmoja ndotoni akaonyeshwa mwanamke aliyeshika moto mkononi wala haungui. Kanisa lote likageuka nyuma kwa pamoja. Nani mwingine aliyeshika moto mkononi kutwa kucha kama si Mama Pasi na pasi yake ya mkaa? Waliitikia amina mpaka bati likatetemeka. Mama Pasi aliinamisha kichwa, akajiona anatabasamu, akaona haya.

Maana kilichomtesa si kwamba hamtaki. Alimtaka. Kabla ya ndoto hiyo, Fundi alimtengenezea komeo la pasi lililokuwa limekatika, na alipoirudisha alikuwa ameifuta majivu mpaka kwenye kona za ndani, mahali ambapo hata yeye mwenyewe hafuti. Siku ile Mama Pasi aliipokea, akaigeuza geuza. Sasa kila alipopiga magoti kuomba aonyeshwe mapenzi ya Mungu, alisikia moyo wake mwenyewe ukipiga kelele za ndiyo, akaogopa. Atajuaje kama ni Bwana anayesema, au ni mwanamke aliyechoka kulala peke yake?

Na kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwa ameliuliza. Hakumuuliza Fundi, hakumuuliza Mungu. Alilizunguka kama mtu anavyozunguka shimo analolijua, hata gizani.

Katibu alipoondoka, sauti ikatoka nyuma ya pazia.

“Ameenda?”

“Ameenda, Mama.”

“Na mdomo wake ameubeba?”

“Mama!”

“Nauliza tu. Usije ukaukanyaga.” Kitanda kililia. “Hilo koti ni lake?”

“Ni lake.”

“Ana sauti nzuri yule bwana. Mwanangu hakujaliwa sauti. Akianza kuimba, kuku wanahama.”

“Lakini aliimba, Mama.”

“Aliimba, maskini.” Kitanda kililia tena. “Ukienda kwake, hiyo pasi uende nayo. Mwanamke haachi chombo chake nyuma.”

Mama Pasi alisimama, pasi hewani. Alingoja aulizwe: na mimi je? Bibi kizee hakuuliza. Alingoja yeye mwenyewe aseme neno, na ulimi ukawa mzito kama umepakwa wanga. Ndani ya pasi kaa moja lilipasuka. Alitundika koti kwenye msumari, akafunga majoho ya kwaya kwenye shuka safi.

“Nayapeleka kanisani haya. Sichelewi.”

“Nenda mwanangu,” alijibu mkwewe, kwa upole. Upole ule ungemshtua siku nyingine yoyote.

Kanisani wanawake walikuwa wanafagia na kupamba. Mbele, chini ya madhabahu, waliweka viti viwili na kuvivisha vitambaa vyeupe. Mmoja alimpigia kigelegele, wengine wakacheka kwa furaha, na Mama Pasi akacheka nao. Kisha akajibanza nyuma ya nguzo, akapiga magoti, akaufumba uso kwa viganja vilivyonuka moshi.

“Bwana, neno moja tu. Hata nusu yake.”

Alisikiliza. Alisikia ufagio na mtu akisogeza benchi. Alipofumbua macho alivitazama vile viti kwa muda mrefu. Viwili. Alijikuta akitafuta kwa macho mahali ambapo kiti cha tatu kingekaa, kisha akainuka kwa haraka kama aliyefumaniwa.

Aliporudi nyumbani, pazia lilikuwa limefunguliwa na kitanda kimetandikwa. Mashuka yamekunjwa upande mmoja, mto katikati, kila kitu kimekaa vibaya kama kilichotandikwa na mtu anayepapasa. Fimbo haikuwepo. Kanga mbili za mkwewe hazikuwepo msumarini.

“Mama?”

Alitoka mbio. Pale kwenye kona, fundi viatu aliinua uso, sindano mdomoni.

“Bibi? Ametoka na Fundi Geti sasa hivi. Kamshika mkono vizuri kabisa, utadhani kamzaa. Ana kifurushi. Nimeuliza safari ya wapi, akaniambia nishone viatu.”

“Wameelekea wapi?”

“Kituo cha mabasi. Kwani hukujua?”

Mama Pasi alivua kandambili, akazishika mkononi, akakimbia. Alikimbia kama asivyokimbia mtu wa umri wake, watu wakimpisha na kumwita mwizi kwa utani. Kila hatua ilimjia na sentensi ile ile, sikuuliza, sikuuliza. Mpwa wa mkwewe ndiye ndugu pekee aliyebaki huko kwao, mtu ambaye tangu msiba hajaleta hata salamu. Atamshusha nani njiani? Nani atamwambia ngazi ziko ngapi?

Kituoni mabasi yalikuwa yanapiga honi na wapiga debe wanagombania mizigo. Alichungulia basi la kwanza, la pili. Alipita kati ya magunia, akajikwaa, akainuka. Basi moja lilikuwa limeshaanza kurudi nyuma. Alipiga ubavu wake kwa kiganja mpaka likasimama, akapanda, akatazama uso mmoja mmoja, akashuka akitukanwa. Ndipo alipoiona ile fimbo.

Mkwewe alikuwa amekaa kwenye benchi la abiria, kifurushi mapajani, kidevu juu. Fundi Geti alikuwa amesimama mbele yake akimkinga jua kwa kivuli chake.

“Fundi!”

Mwanamume aligeuka. Hakuonekana kama mtu aliyekamatwa. Alionekana kama mtu aliyefanya kazi nzuri na sasa anashangaa mbona hasifiwi.

“Mama Pasi, tulia. Nilitaka kukurahisishia. Niliona hili la mama linakuumiza, nikasema nilibebe mimi.”

“Umebeba nini? Huyu ni mzigo?”

“Ni mimi niliyemwomba,” bibi kizee alidakia. “Nimemtuma mwenyewe. Wewe rudi, una nguo za watu.”

“Mama, usiseme uongo na jua lote hili.”

“Silioni hilo jua, sina habari nalo.”

“Ulimtuma saa ngapi? Kwa nani?”

Bibi kizee aliinamisha kidevu. Vidole vyake vilifunga na kufungua fundo la kifurushi.

Mama Pasi alimgeukia Fundi. Pumzi ilikuwa bado inamkata. Alijua kwamba akiuliza, hakuna tena kurudi nyuma. Kwamba lile shimo alilolizunguka muda wote ndilo hili, na sasa miguu yake iko ukingoni.

“Nikuulize neno moja. Katika ile ndoto uliyoonyeshwa, mama alikuwa wapi?”

Mpiga debe mmoja alipita kati yao akiita abiria. Fundi alingoja apite, na hata alipopita aliendelea kungoja.

“Sikumwona,” alisema.

“Hukumwona.”

“Nilikuona wewe tu.”

“Basi aliyeonyeshwa kwako ni mwanamke mwingine, Fundi. Mimi nikiamka asubuhi, huyu yupo. Nikilala, yupo. Akikohoa, ndipo najua kumekucha. Uliuliza, kwani? Ulipoamka ulirudi ukauliza?”

Alidhani atakasirika. Ile sauti iliyojaa kifuani ilitoka nyembamba, kama imepita kwenye tundu la ufunguo.

“Sikuuliza,” alisema. “Nilifurahi mno.”

Wakatazamana. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwa sababu angeweza kulisema yeye neno kwa neno.

“Hata mimi,” alisema.

“Na kesho je? Viti vimeshawekwa. Watu watasema nini?”

“Watasema.” Alimshika mkwewe kwapani. “Inuka, Mama. Twende.”

“Wewe ni mjinga,” alisema bibi kizee, akiinuka. “Nilikuwa nimeshapata kiti cha dirishani.” Lakini mkono wake ulimkamata Mama Pasi kwa nguvu iliyomwachia alama, na njia nzima hakuuachia.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka mlangoni. Mama Pasi aliingia na mkwewe, wakakaa benchi lao la nyuma. Usiku hakuwa amesikia sauti yoyote, na alikuwa ameacha kuisubiri. Fundi Geti alikaa mbele, peke yake kati ya wazee, shingo imesimama wima. Hakugeuka.

Mchungaji alipomwita, njia kutoka nyuma ilikuwa ndefu. Hakwenda mbele. Alisimama palepale, ameshikilia mgongo wa benchi.

“Nimeomba, sikusikia sauti,” alisema. “Sijui kusema uongo juu ya Mungu. Ila nyumbani kwangu kuna mtu, na siwezi kuhamia mahali ambapo yeye hayupo. Hilo ndilo ninalolijua, na sijui zaidi ya hapo. Ndugu Fundi anisamehe. Nilitakiwa kulisema mapema.”

Hakuna aliyesema amina. Mtoto alilia, akanyamazishwa. Mchungaji alikuna paji la uso, akatazama karatasi yake, akatangaza wimbo.

“Wamenyamaza?” mkwewe alinong’ona, na kunong’ona kwake kulisikika mpaka kwaya.

“Wamenyamaza, Mama.”

“Basi kaa. Unanizibia upepo.”

Baada ya hapo nguo zilipungua. Katibu wa akina mama alimtuma mtu kuchukua mashati yake yakiwa bado na mikunjo. Wengine walimsalimia kwa kidevu. Neno lilizunguka kwamba Mama Pasi amemkimbia Mungu, na mtu anayemkimbia Mungu akipiga nguo pasi, wanavyosema, baraka zinatoka. Alipiga pasi zile chache zilizobaki, kola na mikono na mikunjo ya suruali, kwa uangalifu ule ule. Akiwa peke yake alijiuliza kama kweli alitii, au alikataa tu. Kuna siku jibu lilikuwa hili, kuna siku lilikuwa lile. Mkwewe aliendelea kulalamikia chai.

Kisha mchana mmoja fundi viatu alimwita akipita.

“Umesikia? Nyumbani kwa Fundi Geti limeshushwa rundo la matofali.”

“Ya nini?”

“Hapo ndipo watu wanabishana. Katibu anasema anajenga ukuta, hataki tena kuonana na mtu. Mimi nimepita, nimeona kamba imevutwa pembeni mwa nyumba. Macho yangu yananiambia chumba.” Aliinua mabega. “Lakini macho yangu ni ya viatu.”

Mama Pasi alikwenda nyumbani, akakaa kitandani. Aliwaza kumtuma mtu akachungulie. Aliwaza kupita mbali, kama anayekwenda sokoni, atupie jicho tu. Aliwaza kupiga magoti aombe aonyeshwe. Alipiga magoti kweli, akakaa hivyo kidogo, kisha akainuka, akafunga kitambaa kichwani.

“Unakwenda wapi?” mkwewe aliuliza.

“Kuuliza.”

Bibi kizee aligeuza uso upande sauti ilikotoka. Kisha akapapasa fimbo yake, akaisogeza isizibe mlango.

Alitembea mikono mitupu, bila nguo ya mtu ya kusingizia. Mbele ya nyumba ya Fundi matofali yalikuwa yamepangwa mpaka usawa wa kiuno, mekundu, na vumbi lake limesambaa barabarani. Kutoka nyuma ya nyumba nyundo ilikuwa inagonga, inapumzika, inagonga. Alibisha hodi.

Nyundo ikanyamaza.