Mafuta Kifuani, Umeme Ukutani

Haya ni kweli tupu, hayana hata punje ya chumvi. Fundi aliapa hivyo nyumbani jioni, mbele ya mkamwana wake, kidole juu: akikutwa na uongo, ataosha vyombo wiki nzima. Ndiyo sheria ya nyumba ile. Aliitunga mkewe, na sababu anazijua mwenyewe.

Fundi ni mstaafu wa ufundi redio. Umeme alijifunzia kwenye redio mbovu za watu. Asubuhi ile alimpeleka mkewe kupimwa moyo. Kesho yake mama huyo atolewe mtoto wa jicho, na daktari hatii sahihi bila karatasi ya moyo iliyo safi. Mwaka mzima sasa anawatambua wajukuu kwa sauti.

Muuguzi akambandika vibandiko vya jeli, akachomeka waya. Mashine ikatema karatasi, mstari unatetemeka mwanzo mwisho.

"Mama, tulia basi."

"Nimetulia kama gogo, mwanangu. Labda mashine yako ndiyo inaniogopa."

Wakarudia. Yale yale. Muuguzi akashusha pumzi. "Ikiwa hivi, operesheni itasogezwa miezi mitatu."

Mama hakutania tena.

Fundi akavaa miwani, akaiinamia karatasi. Vijimawimbi vililingana kama meno ya kitana, viwili kila milimita. Akahesabu tena, utamu umemkolea.

"Huu si moyo. Ni umeme wa ukutani. Nimeishi na mvumo huu miaka arobaini."

"Unaingiaje, mzee?"

"Moyo unanong'ona tu. Amplifaya ya humu ndani inatega sikio ikuze mnong'ono huo, haiuombi moyo umeme wowote wa maana. Sasa kibandiko kimoja kikikutana na ukinzani mkubwa wa ngozi kuliko wenzake, kelele za ukutani zinapata upenyo. Kitafute."

Muuguzi akagusa kimoja baada ya kingine. Cha nne kikateleza chenyewe, na kidole chake kikatoka kinang'aa.

"Hapo ndipo nilipoushika ule waya kwa meno," fundi alimwambia mkamwana pale sebuleni, "nikausikia moyo wa mama yako unapiga ngoma! Mstari ukanyooka. Daktari akaja mbio, akanivua koti langu, akanivika lake jeupe!"

"Ehee, baba! Liko wapi?"

"Muulize na meno ya kushikia waya yako wapi," mkewe alidakia kutoka kwenye kiti. "Mwanangu, muuguzi alinisugua kwa spiriti, akabandika kipya, mstari ukatulia. Daktari akasaini. Huyu muda wote huo anatazama dari. Hebu sema, baba watoto: mafuta ya mgando alinipaka nani asubuhi?"

Fundi akakohoa.

"Nani?"

"Ngozi yako siku hizi nyepesi," akasema taratibu. "Niliogopa vile vibandiko vitakuchubua wakivibandua."

 Mkewe akanyoosha mkono kuelekea jikoni.

Fundi akakunja mikono ya shati. Kwenye karo akachagua sufuria lililoganda mafuta kuliko yote, akaanza nalo.