Mlango wa Fuko

Mapacha wa Henriikka walizaliwa wiki kumi na tatu kabla ya siku zao, mwezi wa Januari, katika hospitali kubwa ya Oulu. Wa kiume akaitwa Eelis, wa kike Saimi. Hakuna kati yao aliyefikia uzito wa mfuko wa unga wa kilo moja. Kila mmoja alilazwa kwenye kisanduku chake cha kioo chenye joto, mirija puani, nyaya kifuani, na Henriikka akawekewa kiti katikati. Akikaa hapo, mkono wa kushoto ulimfikia mwana na wa kulia ulimfikia binti, na wauguzi wa wodi ile wakazoea kumwita mama mapacha.

Siku ya tatu, muuguzi mmoja aitwaye Marjut alimkuta amekaa kimya, ameikodolea macho mashine inayohesabu mapigo ya moyo.

"Mama mapacha, zungumza nao," akamwambia. "Sauti yako wanaijua tangu tumboni. Humu wanasikia mashine tu."

"Niseme nini, sista? Nikifungua mdomo nalia."

"Basi wasomee. Ukisoma, maneno ni ya mwingine. Wewe unatoa sauti tu."

Akamletea kitabu kutoka rafu ya wodi, kile cha kurasa ngumu za kadibodi. Kilikuwa kisa cha bata bukini aliyepoteza buti lake moja la mvua, akawa anapita nyumba kwa nyumba kulitafuta. Kila mlango anabisha, "Hodi, hodi, mmeliona buti langu?" Na kila mlango anajibiwa, "Hatujaliona, ndugu bata, jaribu kwa jirani." Kwa kindi, kwa fuko, kwa mbweha, kwa bundi.

Mwanzoni Henriikka alisoma kwa kunong'ona, akiwaonea haya wauguzi. Wiki ya pili alikuwa hahitaji tena kutazama maandishi. Kila mnyama alimpa sauti yake. Fuko alimpa sauti nzito, ya mtu mwenye mafua. Kila alipofika mlango wa fuko, namba ya mapigo ya Eelis ilishuka ikatulia. Alidhani anajidanganya, mpaka Marjut naye akaliona hilo.

"Huyu ana rafiki yake humo kitabuni," Marjut akasema.

Mumewe, Tuukka, alikuwa fundi katika kiwanda cha chuma huko Raahe walikokuwa wakiishi, mwendo wa saa nzima kwa gari. Alikuja baada ya zamu, mikono imesuguliwa sabuni hadi viwikoni. Kitabu cha bata hakukigusa, akisema hicho ni cha mama yao. Yeye aliwasomea matokeo ya mpira wa barafuni kutoka gazetini.

"Tumefungwa tena, wanangu. Nne bila. Zoeeni mapema."

Henriikka akacheka, mara yake ya kwanza tangu ajifungue.

Siku ya kumi na tisa tumbo la Eelis lilivimba na ngozi yake ikageuka rangi. Kufikia asubuhi ya pili yake, daktari alichuchumaa mbele ya kile kiti na kueleza polepole kwamba utumbo wote umeharibika, dawa hazikufua dafu, na lililobaki ni kumtoa mtoto kisandukuni apakatwe na mama yake. Tuukka akapigiwa simu. Aliondoka kiwandani na nguo za kazi.

Marjut akachomoa mirija, akamlaza Eelis kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunika blanketi. Henriikka hakuwa na neno la kumwambia. Akakichukua kitabu akaanza kusoma. Kindi hakuliona buti. Mlangoni kwa fuko akatoa ile sauti nzito, akasikia pumzi ya mtoto ikimgusa ngozi, akafungua ukurasa. Akasoma kwa mbweha. Akasoma kwa bundi. Akasoma hadi mwisho kwa kuwa hakujua pa kukomea, na alipokifunga kitabu akamwona Marjut ameinama, kiganja kimetulia mgongoni mwa mtoto. Uso wa Marjut ndio uliomwambia.

Alifia mlango gani, Henriikka hakujua. Alikuwa akisoma.

Tuukka alifika robo saa baadaye.

Tangu siku ile hakuna aliyemwita tena mama mapacha. Walimwita mama Saimi, kwa uangalifu, kama watu wanaokanyaga penye vipande vya glasi. Kiti chake kilisogezwa kikaelekea upande mmoja. Alimpakata Saimi, alimkamulia maziwa, alimvisha nepi ndogo kama leso. Kusoma aliacha. Marjut alikiona kitabu kimerudishwa rafuni, akakiacha hukohuko.

Eelis alizikwa Raahe mwezi wa Machi. Saimi alitoka hospitali Aprili, theluji ikiyeyuka barazani. Alipofika miezi minne, kliniki ya mtaani ikampa mama yake mfuko wa kitambaa wenye vitabu, kama wapewavyo watoto wote. Henriikka alichungulia mara moja tu, akaona bawa jeupe na buti jekundu, akausukumia mfuko ndani kabisa ya kabati la makoti, nyuma ya mbao za kutelezea thelujini.

"Mnamsomea?" muuguzi wa kliniki aliuliza kila walipokwenda.

"Kila siku," Henriikka alijibu, na muuguzi akaandika.

Uongo huo haukumpa shida. Shida ilikuwa Saimi mwenyewe, aliyekuwa mtoto mchangamfu, mwenye kugeukia kila sauti. Henriikka alimtazama akigeuka hivyo na kujiuliza kilichomo ndani ya kile kichwa kidogo. Je, kama bado anakumbuka? Je, kama siku moja atayasikia maneno yale, aanze kutafuta kwa macho kisanduku cha pili?

Alhamisi moja ya Oktoba mama mkwe wake, Raili, alikuja na mkate wa shayiri kukaa na mtoto, ili Henriikka aende duka la dawa. Hakukawia. Aliporudi, akiwa bado ukumbini na zipu ya koti mkononi, akasikia sauti ya Raili kutoka sebuleni.

"Hodi, hodi, mmeliona buti langu?"

Aliingia na viatu vyake miguuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba yoyote. Raili alikuwa ameketi zuliani, Saimi mapajani, mfuko wa kitambaa pembeni. Henriikka akakipokonya kitabu. Saimi alidhani ni mchezo, akacheka, kisha akauona uso wa mama yake na kuanza kulia.

"Mwanangu, nimekosa nini?" Raili akauliza.

"Nani kakwambia ufungue kabati langu?"

"Nilikuwa natafuta kofia ya mtoto, nimtoe nje kidogo. Nikakuta vitabu, havijaguswa. Nikasema huyu ana miezi tisa, vitabu vinamngoja nini."

"Alifanya nini?"

"Nani tena?"

"Saimi. Ulipofika kwa fuko. Alifanya nini?"

Raili alimtazama kwanza. "Alitafuna pembe ya kitabu," akasema taratibu. "Anaota meno huyu. Ulitaka afanye nini kingine?"

Henriikka akakaa chini palepale. Miezi yote ile alidhani anaogopa mtoto asije akakumbuka. Sasa alijua kwamba lile halikuwa woga. Lilikuwa tumaini kwamba angekumbuka. Watatu walikuwa wakikisikia kisa kile pamoja: mmoja yuko kaburini, wa pili ametafuna pembe ya kitabu, na wa kukibeba amebaki peke yake.

Raili alimweka mtoto zuliani. Alimvua viatu, mguu mmoja baada ya mwingine, kama anavyovuliwa mtoto atokaye shule. Akafuta maji ya theluji zuliani, kisha akaenda jikoni kuteleka kahawa na kumpigia mwanawe simu.

Tuukka alirudi saa tisa na nusu, Raili ameshaondoka. Akavuta kiti, akaketi mkabala na mkewe. Kitabu kilikuwa mezani katikati yao, na Saimi alikuwa chini ya meza akigonga kijiko sakafuni.

"Mama anasema umempora kitabu."

"Nitamwomba radhi."

"Mama hana kinyongo, unamjua. Ndicho hiki?"

"Ndicho."

Hakukishika. "Mimi sijawahi kukisikia," akasema. "Nilijua kuna bata, basi. Mlipokuwa mnasoma niko kazini, nikifika mmeshamaliza. Hata kama lile buti lilipatikana, sijui."

Henriikka akakigeuza kitabu, jalada likatazama chini.

"Marjut aliniambia ulikuwa unamsomea," Tuukka akaendelea. "Unajua mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nyuma ya gari la kukwangua theluji, limenizibia njia, nalitukana. Mtoto wangu anakata roho, mimi mdomo umejaa matusi."

"Hukujua."

"Wewe ulijua?"

"Ndilo hilo, Tuukka. Alikuwa hapa, kifuani, na sikujua. Nilikuwa naigiza sauti ya fuko. Mama gani huyo? Kwa fuko alikuwa anapumua, hapo nina hakika. Baada ya hapo sijui. Ningenyamaza ningejua."

"Ungejua, halafu?"

Chini ya meza kijiko kiligonga, kikanyamaza, kikagonga tena.

"Nisomee," Tuukka akasema. "Nataka kujua alikuwa anasikia nini."

Akainama akamwinua Saimi, akamweka mapajani kwa mama yake, akahamishia kiti chake upande wao. Henriikka akafungua kitabu. Sauti ilimtoka kavu, lakini ilitoka. Bata akatoka nyumbani, bata akabisha kwa kindi, kindi hakuliona buti. Akafungua ukurasa. Fuko alikuwa mlangoni pake na miwani yake, na Henriikka akaona maneno yote yako mahali pake na hawezi kulitoa hata moja. Saimi alipiga ukurasa kwa kiganja. Akaupiga tena.

Tuukka akakivuta kitabu upande wake na kuendelea pale pale. Hakuwa msomaji. Aliruka nukta, akarudia mstari mmoja mara mbili, fuko na mbweha wakawa na sauti moja, ile ya msimamizi wake wa zamu. Bundi naye hakuliona buti. Ukurasa wa mwisho bata alilikuta kando ya mto, limelala ubavu, na ndani yake panya amezaa. Bata akachungulia, akaona wamelala, akarudi kwao na mguu mmoja umelowa.

"Basi hakulichukua?" Tuukka akauliza.

"Hakulichukua."

"Hata hakuwaamsha."

"Hapana."

Aliukazia macho ukurasa ule, mabega yakaanza kumtikisika. Henriikka hakuwahi kumwona akilia, hata makaburini. Alimshika shingoni, na Saimi, aliyebanwa kati yao, akanyoosha mkono kukifuata kitabu, kwa kuwa pembe yake ilikuwa bado tamu.

Si kwamba mambo yalinyooka tangu siku hiyo. Henriikka alimwomba Raili radhi, na huko kliniki akasema ukweli kwamba walikuwa hawasomi; muuguzi hakumkaripia, alifuta tu alichoandika. Alianza na vitabu vingine, cha matrekta, cha rangi, ukurasa mmoja, kurasa mbili. Siku nyingine sauti iligoma kabisa, akamwachia mtoto kitabu achezee, naye akageukia dirisha.

Cha bata alikisoma kutoka mwanzo hadi kwa kindi tu. Kwa fuko na kuendelea alisoma Tuukka, vibaya vilevile. Saimi alipotimiza miaka miwili alijua kwamba kitabu kile husomwa na watu wawili, wala hakuuliza kwa nini. Akikileta baba yake yuko kazini, huambiwa asubiri, naye huketi zuliani na kusubiri.