Mama Aliyeinamisha Kichwa

Mutindi hakuona ajabu yoyote siku Mzee Mehar alipomwomba ukanda wake wa kubebea maji. Mzee huyo alikuwa amekwisha kumwomba mambo ya ajabu zaidi: vigae vya sahani zilizovunjika, singa za mkia wa ng'ombe, na siku moja alimtaka akae chini asage mahindi juu ya jiwe huku yeye akimzunguka na penseli sikioni. Ukanda ulikuwa kitu kidogo. Aliufungua kwenye mtungi, ungali na jasho la asubuhi, akampa.

"Utanirudishia kesho, Mzee. Sina ingine."

"Kesho kabisa, Mama Jonah. Mimi nataka angalia tu vile inalala kwa kichwa."

Kesho hiyo haikufika. Ukanda uliishia ndani ya simiti, na Mutindi akawa anabeba maji kwa kamba ya katani iliyomchubua paji la uso.

Mehar Singh alikuwa fundi wa mawe wa reli aliyestaafu, Kalasinga wa kilemba cha buluu na ndevu nyeupe. Aliishi Makindu, si mbali na gurdwara, hekalu la Makalasinga, ambako wasafiri wa barabara ya Mombasa huingia wakala chapati na dengu bila kuulizwa dini wala kabila. Mkewe alikuwa amekufa, na watoto wake wawili, walioko Uingereza, walikuwa watu wa kadi mara moja kwa mwaka. Alipostaafu, mji mzima ulidhani atawafuata huko kwenye baridi. Yeye akanunua simiti.

Nyuma ya nyumba yake alianza kujenga kijiji alikozaliwa, kule Punjab, Uhindini. Nyumba hakujenga, alijenga watu. Alisuka nyaya, akazijaza kokoto, akapaka simiti, kisha akapachika vigae na vipande vya bangili hadi mtu akawa amevaa nguo za rangi. Kwa miaka kumi bustani ilijaa. Palikuwa na fahali mwenye macho ya gololi akizungusha gurudumu la kisima, ajuza akisokota pamba, mhunzi na mvukuto wake, na msichana kwenye bembea iliyoning'inia kwenye mkwaju. Kati yao alipanda haradali, ambayo ilichanua manjano kwa wiki mbili tatu kabla jua la Makindu halijaikausha, na mforsadi mmoja aliounywesha maji yake ya kuoga, kwa sababu kijiji chao kilikuwa kijiji cha miforsadi.

Watu walisema mengi, maana mdomo haulipiwi kodi. Ndeti, mzee wa kanisa, alikuja na Biblia kwapani kuuliza kama sanamu hizo zinaabudiwa.

"Hata dini yangu hapana ruhusu abudu sanamu," Mehar alimjibu. "Hii ni majirani yangu. Karibu, salimia wao."

Ndeti hakuwasalimia, lakini alikaa akanywa chai, na Jumapili iliyofuata akamleta mkewe aone fahali.

Mutindi ndiye aliyejua kwa nini. Alikuwa mfinyanzi, kama mama yake na nyanya yake, na kwa miaka sita alikuwa akimchanganyia mzee simiti, kwa kuwa mikono yake ilijua maji yametosha lini. Mzee alimsimulia kazi ikiendelea. Alifika Kenya mwaka wa 1929, mtoto wa miaka kumi, pamoja na baba yake mdogo aliyekuja kufanya kazi ya reli. Alisema atarudi. Kisha mwaka wa 1947 nchi yao ikakatwa vipande viwili, kijiji kikaangukia upande wa pili, na watu wake wote wakakimbia. Mama yake alifia njiani.

"Nyumba labda iko," alisema. "Lakini watu yangu hapana. Mimi ikikufa, ile kijiji inakufa mara ya pili."

Mama huyo, ambaye yeye alimwita Bebe, ndiye aliyekosekana bustanini. Picha yake haikuwapo hata moja duniani. Mehar alitengeneza vichwa saba, akavivunja vyote saba, na kila mara neno lake lilikuwa lile lile: "Hii ni mama ya mtu ingine."

Kisha ikaja barua. Dada yake mkubwa, Harnam Kaur, ndugu pekee aliyebaki hai, angefika mwezi wa pili kuzuru gurdwara na kumwona. Mara ya mwisho walipoonana dada alikuwa msichana wa miaka kumi na minane, amesimama mlangoni. Mehar aliisoma barua ile mpaka ikachanika kwenye mikunjo.

"Bhenji atakuja," alimwambia Mutindi, kwa maana dada mkubwa kwao ni Bhenji. "Yeye peke yake anajua sura ya Bebe. Yeye akisema ndiyo, huyu ni mama, basi mimi nimemaliza kazi. Akisema hapana..." Siku hiyo ndiyo aliyoomba ukanda.

Kichwa cha nane kilikwenda chenyewe. Mikono ya mzee haikusita hata kidogo. Alitokea mwanamke aliyeinama kiasi, mtungi mkubwa mgongoni, ukanda umepita juu ya paji la uso, viganja vyake vimeushika karibu na masikio. Mzee aliimba akifanya kazi, jambo ambalo Mutindi hakuwahi kulisikia. Siku ya tatu alianza uso, na Mutindi akaweka karai la simiti chini.

Alikuwa anamtazama Kasyoka.

Kasyoka aliwachotea maji watu wa reli, kutoka chemchemini hadi kwenye nyumba za wafanyakazi, tangu kabla Mutindi hajazaliwa. Hakuwa na mume wala mtoto. Ukanda ulikuwa umemchimba kibonde juu ya paji la uso, kirefu hata watoto wa jirani, Mutindi miongoni mwao, waliruhusiwa kutia kidole humo wakacheka. Alikuwa na mdomo wa chini uliotangulia kucheka kabla yake. Alikufa mwaka ule wa mafuriko, kabla ya Uhuru, na shamba alimozikwa likalimwa. Hata yeye hakuacha picha. Na sasa mdomo ule ule ulikuwa unatokea kwenye ncha ya mwiko wa Kalasinga, na kibonde kile kile kilionekana pembeni ya ukanda.

Mutindi angesema. Neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini mzee alikuwa anaimba. Tena, tuseme ukweli wote, kwa miaka sita alikuwa amewabebea simiti watu wa nchi asiyoitia mguu, na leo mmoja wa kwao alikuwa amesimama katikati yao. Moyo wake ulifurahi, na furaha hiyo ikamfunga mdomo. Alijiambia kwamba huenda mama wa mzee alifanana na Kasyoka. Alijua kwamba anajidanganya.

Kuhusu mtungi mgongoni, hakuna aliyeshtuka. Nani katika Ukambani mzima angeuliza kwa nini mwanamke anabeba maji hivyo? Na wanawake wa Kihindi ambao Mehar aliwaona tangu alipofika Kenya, wote walikuwa wakifungua mfereji.

Harnam Kaur aliletwa Jumapili na gari la watu wa gurdwara, saa nne asubuhi. Alikuwa mrefu, mkavu, amevaa nyeupe tupu, na fimbo aliyoitumia zaidi kuelekeza watu kuliko kutembelea. Ndugu hao walikumbatiana pale langoni muda mrefu hata dereva akazima injini. Kisha bibi akafuta macho, akanyoosha fimbo kuelekea bustanini.

Mehar alimfuata nyuma kama mwanafunzi anayesubiri daftari lake. Mutindi alisimama kando ya tangi la maji, mtungi wake miguuni, akitazama. Kwenye kisima, bibi alimpigia fahali ulimi, tk-tk, kama mtu anayemhimiza mnyama wa kwao. Kwa ajuza wa pamba alitaja jina, na Mehar akacheka huku machozi yakimtoka. Kwenye mforsadi alichuma jani, akalitafuna, akafumba macho. Mutindi hakuelewa neno lao hata moja, ila alielewa kwamba mzee anapita mtihani, na alihesabu hatua zilizobaki kufika kwa mama.

Walifika kwa mama. Bibi alitazama. Alizunguka nyuma, akaona mtungi. Alirudi mbele, akapitisha kidole kwenye kile kibonde. Kisha akauliza swali fupi, na mabega ya Mehar yakashuka.

"Anasema nini?" Mutindi aliuliza, japo alijua.

"Anauliza, huyu ni nani."

Bibi akaendelea kusema, na mzee akamfasiria Mutindi kwa Kiswahili, polepole, kana kwamba anajisomea hukumu. Bebe alibeba maji kichwani. Mitungi miwili, mmoja juu ya mwingine, na kata ya nguo chini yake. Katika kijiji kile hapakuwahi kutokea mwanamke aliyebeba maji mgongoni, wala mwenye shimo kwenye paji la uso.

"Miaka hamsini," alisema. "Watu yangu alifukuzwa, alikufa, mimi nasema, haidhuru, mimi niko na wao hapa kichwani. Sasa angalia. Hapana mwizi aliingia. Mimi mwenyewe nimepoteza mama yangu."

Aliingia kibandani akatoka na nyundo ya kuvunjia mawe.

Mutindi alijikuta amesimama mbele ya sanamu, na hajui miguu imemfikishaje. "Mzee, ngoja. Kama ni kupiga, anza na mimi. Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Huyu ni susu Kasyoka, nyanya yetu sote hapa. Alikuwa anachota maji ya watu wa reli. Nilimjua siku ya kwanza ulianza uso, nikanyamaza. Nilitaka mtu wetu mmoja akae hapa. Nisamehe. Lakini usimvunje, Mzee. Yeye hana mahali pengine popote."

Mehar alibaki na nyundo begani. Hasira ilimjia, Mutindi aliiona machoni, kisha ikapita, na nyuma yake kikaja kitu kingine. Alisogea. Alinyoosha kidole cha shahada, akakiweka kwenye kibonde, na kidole kikakaa pale kama kinachojua njia.

"Mimi nilikuwa na homa," alisema. "Mwezi wa kwanza hapa. Chacha, baba mdogo, anaenda kazi ya reli asubuhi, mimi peke yangu ndani ya nyumba ya wafanyakazi, nalia Bebe, Bebe. Iko mwanamke moja analeta maji. Hapana jua lugha yangu. Anainama hivi, mtungi mgongoni, anapa mimi maji kwa kibuyu. Siku mingi. Na mimi naweka kidole hapa, yeye anacheka." Alimtazama Mutindi. "Hata jina yake mimi hapana uliza."

Bibi aligonga fimbo chini. Alitaka kujua wanasema nini. Mehar alimwelezea kwa lugha yao, maneno mengi, na bibi akasikiliza bila kupepesa. Alipojibu, sauti yake ilikuwa chini sana. Mehar alijaribu kutafsiri, akashindwa, akajaribu tena.

"Anasema, baada mimi kuondoka, Bebe hapana pita mtoto njiani bila kupa yeye maji. Mtoto yoyote, hata ya mgeni. Anafika nyumbani mtungi nusu, watu wanacheka yeye. Yeye anasema, wacheni mimi. Iko mtu huko mbali anapa Mehar yangu."

Harnam Kaur aliegemeza fimbo yake kwenye mkwaju. Aliinama, polepole, mifupa ikilalamika, na hakuna aliyethubutu kumshika. Aligusa miguu ya simiti ya Kasyoka kwa mikono yote miwili, kisha akaipeleka mikono hiyo kichwani pake, kama watu wa kwao wanavyowaamkia wakubwa wao. Mutindi alilia kwa sauti, bila aibu, kama anavyolia mtu msibani. Alimlilia Kasyoka, ambaye siku ya kuzikwa kwake hakupata wa kumlilia hivyo.

Bibi aliposimama alikuwa amekwisha kukauka uso. Alitoa amri, kidole kimeelekea kwenye mtungi wa Mutindi. Mutindi alidhani ni kiu. Kumbe bibi alikuwa anavua mtandio wake, anauviringisha kuwa kata, anauweka utosini.

"Bhenji, utaanguka," Mehar alisema kwa Kiswahili, kwa wasiwasi, akasahau kwamba dada haelewi.

Mutindi alimtwika mtungi ukiwa na maji nusu. Bibi alipiga hatua moja, akayumba, akapiga ya pili. Ukanda humshusha mtu kichwa. Mtungi wa utosini humkataza kukishusha. Kidevu cha bibi kilipanda, shingo ikarefuka, mkono mmoja ukapaa kushika mdomo wa mtungi, na macho yake yakatazama mbali, juu ya paa la nyumba, juu ya reli. Vichwa vyote vinane ambavyo Mehar alivitengeneza vilikuwa vikitazama chini.

Nyundo ilimponyoka ikaanguka kwenye haradali.

"Bebe," alisema.

Bibi alisimama pale pale kwenye jua, maji yakimchuruzikia shavuni. Na mzee, bila kumwondolea macho, alinyoosha mkono nyuma kumtafuta Mutindi.

"Mama Jonah, karai. Haraka, kabla yeye hajachoka."