Jicho Lisilofumba

...na sasa wamesogea tena, si sana, hatua moja tu, wanasukuma ndoo zao kwa miguu kana kwamba foleni ndiyo imekwenda, lakini mashine imezimwa, fundi anabadilisha mkanda, hakuna anayesagiwa, wanasogea kwa sababu yangu, nimebaki na ndoo yangu ya mahindi na nafasi ya watu wawili mbele yangu, vumbi la pumba linaelea, jicho la kushoto liko wazi tu, nashusha kope kwa kidole kama muuguzi alivyonifundisha, naachia, linafunguka lenyewe, linachoma, linatoa maji, lazima ni jekundu kabisa, sihitaji kioo, naliona kwenye nyuso zao... matone ya jicho yaliisha Jumapili, Loveness, mke wa mwanangu, alisema atayanunua Mhunze, akarudi mikono mitupu, duka limefungwa, mama, akiwa ameangalia ukuta, na ni yeye anayelifunga jicho kwa plasta kila ninapolala, zamani alikuwa anavipasha vidole kwanza visiwe na baridi, siku hizi anabandika amegeuza shingo, mtoto mgongoni kafunikwa kanga hadi kichwani, nilidhani ni jua, ndani ya nyumba, jua... Kudra, jirani yangu, pale mbele anasema kitu, sikio la upande huu nalo halisikii vizuri tangu wanipasue, nadaka vipande, "...tangu msiba wa Martina..." na mwingine, "Nyamaza, yuko hapo," na Martina mwenyewe yuko mbele kabisa, ameinama, asubuhi nilimsalimu, mwangaluka, Martina, akaijibu ndoo yake, mwangaluka, hakuongeza mayu, na amekuwa akiniita mayu, mama, tangu aolewe hapa... homa ilimchukua mwanawe kwa siku mbili, nilikwenda, ningekosaje, nikakaa naye mkekani, nikataka kusema pole, midomo ikatoa upepo mtupu, nikalia, na nikilia mdomo wote unavutwa kulia, meno yanatokeza, mtu nyuma yangu akasema, hakunong'ona hata, "Mwone, anacheka"... sikucheka, Martina, mtoto yule nilimpokea kwa mikono hii siku aliyozaliwa, lakini ningelisemaje hilo, kwa mdomo gani... daktari wa Mwanza alinieleza vizuri kabla ya kisu, akachora kwenye karatasi, "Mama Wiliam, saratani imeukumbatia mshipa unaoendesha uso, nikiubakiza mshipa naibakiza saratani," nikamwambia toa, uso nitaufanyia nini katika umri huu, uhai kwanza... mama yangu mdogo alipikia kinyesi cha ng'ombe miaka arobaini, moshi ukamharibu macho yakawa mekundu, wakasema ni mchawi, wakamjia na mapanga, watu aliokuwa akisalimiana nao kila siku, hawakuuliza habari za moshi, na mimi habari za mshipa nitamweleza nani, Wiliam yuko Nyarugusu machimboni, akipiga simu anasema mama, mtandao mbaya, sikuelewi, namwambia salama, hata hiyo haielewi... "Vuta hapo, vuta," fundi anamwambia mtu, mashine inakohoa, inanyamaza, hakuna aliyesogea, hakuna aliyegeuka... mwezi uliopita daktari alitaka kunishona kope, pembeni tu, nyuzi chache, jicho lisikauke likapofuka, nikakataa, nikasema nimekwisha kuwa kituko, niachie hilo nione pande zote mbili, nione nini, migongo hii, kanga iliyofunika kichwa cha mjukuu wangu... Ijumaa nitakwenda, nitamwambia ashone, si pembeni, lote, kutoka kona hadi kona, usibaki hata upenyo wa kuonyesha wekundu, na akiuliza kwa nini nimebadili mawazo nitamwambia linauma, basi, linauma, atafurahi, ataandika kwenye faili kwamba mgonjwa sasa ameelewa umuhimu wa matibabu...